Ka Rose wa mguuni mwa Papa Germain

Kifuniko cha sufuria kinagonga. Ni mlio mdogo, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Saa kumi na moja alfajiri, mtaani Kataki mjini Kalemie, ndiyo sauti pekee inayosikika ndani ya nyumba ya Mama Consolate.

Anaepua sufuria kutoka kwenye mbabula, jiko lake la makaa, na kuiweka sakafuni. Maji yale si ya chai. Anatia chumvi kidogo, anayafunika tena yapoe, kisha ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, polepole, kati ya kidole na kidole.

Wifi yake Arlette, aliyelala hapo usiku huo, anatoka chumbani na kuinama ili amsaidie kubeba.

"Acha, dada. Hiyo ni yangu."

Arlette anarudisha mkono huku akicheka. Nyumba nzima inajua kwamba maji ya mguu wa Papa Germain hayabebwi na mwanamke mwingine, hata awe dada yake wa tumbo moja.

Mama Consolate ana miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni kuuza samaki wa ziwa, ndakala wadogo na mikebuka, waliokaushwa kwa moshi, katika soko kubwa. Lakini kabla beseni la samaki halijapanda kichwani, yeye husafisha na kufunga vidonda: kwanza cha mumewe, halafu vya majirani walio na ugonjwa wa sukari. Halipwi. Wenye unga humpa unga, wenye mihogo humpa mihogo, na wasio na kitu humsindikiza mpaka barabarani wakimshikia beseni.

"Watu wanasema niko na roho nzuri," anasema, mikono ikiwa juu ikauke kwa hewa, maana taulo hurudisha uchafu. "Muandike ukweli. Ilianza na wivu."

Alizaliwa pande za Fizi, juu kaskazini mwa ziwa, katika watu wanaoteremka na mitumbwi kuja kuvua na kuchuuza. Mume wake wa kwanza alizama akiwa safarini na mzigo wa mafuta ya mawese. Mwili haukuonekana. Alikaa mjane kwa miaka, akiuza samaki na kurudi kwenye nyumba yenye mto mmoja kitandani, mpaka Germain, fundi wa kuchomelea vyuma bandarini, alipoanza kununua mikebuka kwake kila siku. Mtu mmoja asiye na watoto hali mikebuka kila siku. Soko zima lilijua kabla yeye hajajua.

Walipooana, anasema, alijiapia jambo moja. Mwanamume wa kwanza alichukuliwa na ziwa, na kwa ziwa hakuna pa kwenda kulalamika. Huyu wa pili hatachukuliwa na mtu mwenye miguu miwili na kitenge.

Kwa hiyo alimlinda. Alijua saa ya kutoka bandarini na mwendo wa kutoka bandarini mpaka nyumbani. Papa Germain, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu, hakuona shida. Bandarini aliwaambia wenzake kwamba kwake kuna forodha kali kuliko ile ya meli za Kigoma.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua, Germain alivaa viatu vipya vya kazi. Kimoja kilimkwaruza kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Hakusikia maumivu. Sukari ilikuwa imekaa mwilini mwake muda mrefu, na miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi bila yeye kusema. Alipokuja kuona, kidole kilikuwa na kidonda, na pembeni mwa kidonda ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi kama imepakwa wino.

Hakumwambia mkewe. Alikwenda kwenye kituo cha afya cha mtaa, akakutana na muuguzi anayeitwa Emilie, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ndogo na mwendo wa haraka. Emilie alimfunga kidonda, akamkataza kutembea, akakubali kupita kwake nyumbani kila asubuhi akielekea kazini. Saa hiyo Mama Consolate huwa sokoni.

Siku moja mvua ilifukuza wachuuzi sokoni mapema. Mama Consolate alirudi akiwa amelowa, beseni limejaa, akasimama mlangoni akikamua kitenge. Nyuma ya pazia la chumba chake alisikia sauti ya mwanamke.

Emilie alikuwa akisema, "Ni nekroze, Papa. Ingali kadogo. Lakini tukiiacha itapanda."

Nekroze ni neno la Kifaransa la waganga, yaani madaktari na wauguzi. Ila mdomo wa Kalemie haupendi k na r zishikane. Unaingiza a katikati. Na katika Kiswahili cha hapa, mtu akitajwa kwa mapenzi huwekewa "ka" mbele: ka Landry, ka Yvette. Sikio la mwanamke aliyesimama mlangoni halikusikia nekroze. Lilisikia: ni ka Rose, Papa. Kangali kadogo.

Kisha akasikia sauti ya mumewe, ya chini na ya kuomba: "Bibi yangu asijue."

"Nilishika ukuta," anasema Mama Consolate. "Nikasema basi. Kako kadogo tena. Na huyu muganga njo anabeba habari katikati yao." Njo, kwa watu wa hapa, ni ndiye au ndiyo.

Hakuingia. Alitoka kimyakimya, akakaa chini ya paa la jirani mpaka Emilie alipopita na mkoba wake. Emilie alimwona, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza kama hajapata baridi, akampa mwavuli wake. Mama Consolate aliupokea bila kushukuru. Anakumbuka kwamba hata mwavuli ule aliuchukia, kwa sababu ulikuwa mzuri.

Jioni ile alimtazama mumewe akila. Germain alikuwa amekonda. Alikuwa ameacha sukari kwenye chai, ameacha mikate ya kukaanga aliyoipenda, analala amefunika miguu na blanketi hata wakati wa joto. Kila kitu kilichokuwa dalili ya ugonjwa, yeye alikihesabu kuwa dalili ya penzi. Anakonda kwa kuwaza. Anaacha mikate ili awe mwembamba kama kijana. Anaficha miguu kwa sababu gani? Hilo aliliruka.

Usiku simu ya Germain ilinong'ona na yeye akanong'ona nayo. "Nekaroze haitaki kutoka," alisema. "Inakuwa kubwa." Mkewe alisikia tena ka Rose.

Asubuhi Mama Consolate hakwenda sokoni. Simu ya mumewe aliizima, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuizika chini ya ndakala, katikati ya beseni. Emilie alipobisha, alimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Alimwambia kwamba Papa Germain amesafiri. Familia imemchukua kwa treni kwenda Kabalo, kuna mtu wa dawa za majani huko. Alilisema bila kupepesa macho, na mumewe yuko hatua chache nyuma ya pazia, amelala na homa.

Emilie alishtuka. Alimsihi atume habari huko Kabalo, kidonda kisiwekwe majani, mguu usikandwe kwa maji ya moto, na wakimrudisha aitwe hata usiku. Mama Consolate alimjibu neno moja tu la kumalizia.

"Na umuambie ka Rose aache bwana yangu."

Emilie hakuelewa. Alidhani mama huyu ameambiwa ugonjwa na sasa anausemea, kama watu wanavyosema malaria imuache mtoto. Akaitikia, "Mungu atasaidia, Mama." Mama Consolate aliona ni dharau ya ajabu.

Siku zilizofuata, anasema, ndizo zinazomwamsha mpaka leo. Germain kitandani alikuwa akisikiliza mlango. Kila hatua ikipita nje alikuwa akiinua kichwa. Alimuuliza mkewe kama hakuna mtu aliyekuja. Alipoambiwa hakuna, aligeukia ukutani.

"Anamungojea," Mama Consolate anasema, na hata sasa, wakati mambo yote yamekwisha, uso wake unakaza. "Njo nilivyowaza. Bwana yangu anangojea bibi mwingine mbele ya macho yangu. Nikamupikia muchuzi na nikamuchukia."

Harufu hakuisikia. Ndilo swali ambalo watu wote humuuliza, na jibu lake ni fupi: yeye ni mtu wa samaki. Nguo zake, nywele zake, kuta za nyumba yake, vyote vinanuka moshi na ziwa. Pua yake ilikwisha kustaafu.

Alimjua Rose mmoja tu ambaye angeweza kumshuku, kijana anayekaanga mikate kwenye lango la bandari. Alikwenda huko akiwa amejifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, jinsi wanawake wanavyojifunga wakiwa na nia ya kugombana. Njiani alikuwa amepanga la kufanya. Angemwaga ile sufuria ya mafuta barabarani, halafu ndipo aulize.

Rose alimwona akija akihema. Kabla mgeni hajafungua mdomo, alisimama, akampisha kiti chake cha mbao na kumpa maji kwenye kikombe. Si rahisi kumwaga mafuta ya mtu ukiwa umekalia kiti chake. Mama Consolate alikunywa, kisha akauliza kwa ukali ana nini na Papa Germain wa kuchomelea.

Rose alifikiri kidogo.

"Yule wa kiatu kimoja? Wa kiatu huku na kandambili huku?"

Akaeleza kwamba alikuwa mteja wake mzuri, lakini alikuwa ameacha kununua, kwa sababu ya sukari. Alimwambia hivyo mwenyewe kwa masikitiko. Mara ya mwisho alipita akichechemea, nzi wakimfuata chini.

"Mama, mutanisamehe," Rose alisema. "Muguu yake inanuka. Nilimuambia mbele ya watu, akakasirika. Papa yangu alianza vile vile, sasa anatembea na fimbo mbili. Yule baba hana bibi nyumbani?"

Mama Consolate anasema hajawahi kupigwa kofi kama lile. Alisimama. Rose alisimamisha pikipiki, akamlipia nauli, akasema watalipana siku nyingine.

Nyumbani alivuta blanketi. Kidole kidogo kilikuwa cheusi chote, kimekauka kama tende, na kile cha pili kilikuwa kimeanza. Germain alifungua macho ya homa, akamwona ameshika mguu, akajaribu kuuficha tena.

Aliichimbua simu kutoka kwenye ndakala. Emilie alikuja akiwa na kitenge cha nyumbani na nywele hazijachanwa. Hakuuliza treni ya Kabalo ilirudi saa ngapi. Alisema tu, "Tumubebe," na akashika upande wa miguu, ule ambao watu wengine waliukwepa.

Hospitalini daktari alisema hakuna haja ya kukata mguu, lakini vidole viwili vitoke siku hiyo hiyo. Emilie alikuwa ametumaini kuondoa ngozi tu. Kama siku zile zilizopotea ndizo zilizochukua kidole cha pili, daktari hakusema. Mama Consolate mwenyewe anasema ndizo.

Wakiwa kwenye benchi la kungojea, aliuliza swali lililobaki.

"Na sasa huyu ka Rose ni nani?"

Emilie alilirudia jina lile polepole, ka Rose. Kisha likamjia lote mara moja, la mlangoni na la Kabalo, akaziba mdomo kwa mkono asicheke mahali pa wagonjwa. Kicheko kilipoisha, akamsogelea na kumweleza, taratibu, kama anayemchambulia mtoto samaki miiba.

"Nekroze njo nyama yenye kufa wakati mwenyewe angali muzima," alimwambia. "Damu haifiki tena pale, basi kale kapande kanakufa peke yake, kanakuwa keusi. Neno hatulisemi juu ya muntu. Tunalisema juu ya kapande."

Akamweleza kwamba kilichokufa hakifufuki na dawa yoyote, hivyo huondolewa ili kisimle jirani yake aliye hai. Nyama nyekundu yenye kung'aa ni nzuri. Ya njano ni ya kuangaliwa. Nyeusi ni ya kukimbilia kituoni.

Mama Consolate aliuliza kwa nini hakusema tu Kiswahili. Nyama imekufa. Nani asingeelewa?

Hapo Emilie akamweleza kosa lake la mwaka wa kwanza wa kazi. Katika mji huu, mtu akilala mkono ukaganda, mkono umekufa. Aliyepooza, upande wake umekufa. Hata mota ya mtumbwi ikigoma, imekufa. Neno ni moja kwa vyote. Aliwahi kuwaambia watu wa familia moja kwamba mguu wa mzee wao una nyama iliyokufa; wakasikia mguu umekufa, wakampeleka kwao kijijini, wakaita ndugu, wakaanza kilio mtu anakula ugali. Tangu siku hiyo alishika Kifaransa chake, kwa sababu hakimtishi mtu.

"Na Papa Germain mwenyewe aliniomba," aliongeza. "Alisema, 'bibi yangu alifiwa bwana. Hilo neno la kufa lisiingie ndani ya nyumba yangu.'"

Mama Consolate aliinuka. Alikwenda nje, akanunua ndizi, akarudi akampa Emilie zote.

Mtu angedhani wivu uliishia pale. Haukuisha. Germain alirudi nyumbani, na Emilie akaendelea kuja asubuhi, sasa mbele ya mke wake. Ikawa vibaya zaidi. Mama Consolate alikaa pembeni akitazama mwanamke mwingine ameushika mguu wa mumewe juu ya paja, akiugeuza kwa upole, na Germain akimweleza hapa panawaka, hapa pananyamaza, usiku palidunda. Mambo yale yeye alikuwa hajawahi kuambiwa.

"Niliuonea wivu mukono wake," anasema. "Si uso, si umri. Mukono. Ulikuwa unajua kitu cha bwana yangu ambacho mimi sikijui."

Kwa hiyo asubuhi moja alisema, "Nipe nifanye mimi."

Emilie alikataa. Hiyo ni kazi ya kusomea. Kesho yake Mama Consolate alisema tena, na kesho yake. Mwishowe Emilie alimuuliza mkuu wa kituo, naye akakubali kwa sharti: aoshe, afunike, asikate kitu, na akiona weusi aite. Ndivyo alivyofundishwa kuchemsha maji na kuyapoza, kuosha mikono, kuanza palipo safi kuelekea palipo pachafu, kulowesha kitambaa kilichoganda badala ya kukivuta. Mara ya kwanza alivuta. Germain alipiga kelele, na Mama Consolate akalia kuliko mgonjwa.

Emilie alikuwa na njia zake za wema. Glovu na kompresi, vile vitambaa vya kufungia, aliviacha dirishani akipita, bila kubisha hodi, ili mwenye nyumba asione kwamba mwanamke mwingine amekuja tena.

Kidonda kimekaribia kufunga. Germain amekwisha kuupa ugonjwa wake jina: vile vidole viwili anaviita ka Rose. "Ka Rose alinikimbia," huwaambia wageni, "akaniachia huyu mukali." Mkewe humwamuru anyamaze, kisha huangalia pembeni ili asionekane akicheka. Rose mwenyewe alirudishiwa nauli yake pamoja na kifurushi cha mikebuka, na alialikwa nyumbani. Alikuja mara moja. Mama Consolate alikaa kati yake na Germain.

Fundi huyo anatumaini kurudi bandarini kabla ya kiangazi, kwa kazi ya kukaa, na viatu vipana. Mkewe ana mpango wake. Ameomba kituo kimpe kivuli cha ukumbi siku za Jumamosi, awakusanye wake wa watu wenye sukari, awaonyeshe kutazama nyayo za waume zao kila jioni, mpaka katikati ya vidole. Atawafundisha nekroze, na atawaambia Kiswahili chake papo hapo, kwamba kipande kinaweza kufa na mtu akabaki.

"Waume nao watatazama miguu ya wake zao?" Arlette anauliza kutoka uani.

"Hiyo ni Jumamosi nyingine," anajibu.

Kumepambazuka. Amemaliza mguu wa mumewe, ameuweka juu ya mto, na sasa anakwenda nyumba ya pili, kwa Papa Aristide, mstaafu wa reli mwenye kidonda kwenye kisigino. Mzee anampokea kwa furaha, anamwita muganga wake, anamsimulia usiku wake wote, pale palipomwasha na pale palipotulia.

Mkewe, Mama Philomène, amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mikono iko kiunoni.

Mama Consolate anafungua bandeji ya zamani, anainua kichwa, anauona uso ule. Kisha anavua glovu zake, anachukua jozi nyingine mkobani na kuinyoosha kuelekea mlangoni.

"Njoo, Mama. Unawe mikono kwanza. Leo utaosha weye, mimi nitatazama."

Mama Philomène anasogea kwa shingo upande. Ananawa. Anapiga magoti mahali palipokuwa pa mwingine, anashika kisigino cha mzee, na Papa Aristide anamgeukia. Anamwambia mkewe, kwa sauti ya chini, kwamba hapo panauma kidogo, hapo karibu na mfupa. Mama Philomène anaitikia kwamba ameona.

Kazi inapokwisha, anamsindikiza mgeni mpaka barabarani na kumtwika beseni la samaki. Analiweka sawa kichwani, analishikilia bado kidogo.

"Kesho upite tena, Mama," anasema. "Lakini uje wakati mimi niko."